Kivinjari kiulizwe jina au kipimwe uwezo?

KILA mara unapofungua ukurasa wa tovuti, iwe ni kwenye tarakilishi ya ofisini au simu ya mkononi, kivinjari chako hujitambulisha kwanza. Kabla ya kuletewa hata neno moja la habari, hutuma kwa seva mstari mfupi wa maandishi unaotaja jina lake, toleo lake na mfumo wa mtambo unaokiendesha. Mstari huo umo katika kanuni za HTTP tangu miaka ya 1990, na nia yake ilikuwa njema: mwenye tovuti ajue ni nani anayebisha hodi.

Tatizo ni kwamba mstari huo, kwa vivinjari takriban vyote vinavyotumika leo, umejaa uongo. Kivinjari cha Chrome kikiwa katika tarakilishi ya Windows huanza kwa kujiita Mozilla/5.0. Kisha hutaja Windows, halafu AppleWebKit, halafu KHTML pamoja na maelezo kwamba kinafanana na Gecko. Hapo ndipo hulitaja jina lake chenyewe, na mwishowe hujiita Safari. Katika orodha hiyo yote ya vivinjari na injini zao, jina lililo lake ni moja tu. Mengine ni ya wazazi, majirani na mahasimu.

Hali hii haikutokana na utundu wa waundaji wa vivinjari. Ilitokana na desturi ya waundaji wa tovuti ya kuuliza jina la mgeni mlangoni na kuamua, kwa jina hilo pekee, kama ataingia, na akiingia atakirimiwa nini. Njia hiyo huitwa utambuzi wa kivinjari. Iliyo kinyume chake ni utambuzi wa uwezo, ambapo tovuti haiulizi "Wewe ni nani?" bali "Je, waweza kufanya jambo hili?"

Mabingwa wa fani hii walikwisha kukubaliana zamani kwamba njia ya pili ndiyo bora. Hata hivyo, ya kwanza haijafa, na wanaoumia aghalabu ni wenye simu za bei nafuu na wenye vivinjari visivyo na majina makubwa. Hilo si jambo dogo nchini Kenya, ambako ombi la pasipoti hujazwa kupitia eCitizen na ripoti ya kodi huwasilishwa mtandaoni. Anayefungiwa mlango kwenye tovuti ya aina hiyo hakosi burudani. Anakosa huduma ambayo ni haki yake.

ASILI YA UONGO

Kivinjari cha Mosaic kilitolewa mwaka 1993 na kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Mwaka uliofuata baadhi ya walioshiriki kukiunda walijiunga na kampuni mpya iliyokuja kuitwa Netscape. Bidhaa yao wakaibandika jina la siri la Mozilla, kwa kuwa azma yao ilikuwa kuimeza Mosaic kama lile dude la filamu za Kijapani, Godzilla. Netscape Navigator kilipotolewa kwa umma jina hilo la siri lilibaki ndani ya mstari wa utambulisho.

Netscape iliongeza uwezo ambao wengine hawakuwa nao, ukiwemo ule wa kuugawa ukurasa mmoja katika fremu kadhaa. Wenye tovuti wakafurahi, wakaanza kuukagua mstari: ukitaja Mozilla, seva inatuma ukurasa wenye fremu na madoido, usipotaja, inatuma ukurasa mkavu. Wakati huo hakuna aliyeona kasoro. Vivinjari vilikuwa vichache, na kila kimoja kilijulikana kwa tabia zake kama wazee wa kijiji.

Microsoft iliingia uwanjani mwaka 1995 na Internet Explorer. Kivinjari hicho kingekuwa na uwezo kiasi gani, kingepewa ukurasa mkavu maadamu hakiitwi Mozilla. Kuwasubiri wenye tovuti wote duniani wabadilishe ukaguzi wao kungechukua miaka. Microsoft ikachagua njia ya mkato: kivinjari chake kikaanza kujiita Mozilla, kikaeleza kwamba kinaoana nacho, na jina lake halisi, MSIE, likafuata baadaye.

Mlango ulipokwisha kufunguliwa namna hiyo, kila aliyekuja nyuma alipita humo humo. Mradi wa Mozilla ulizindua injini iitwayo Gecko, na tovuti zikaanza kuitafuta Gecko. Waliounda Konqueror kwa injini ya KHTML wakaandika kwamba yao inafanana na Gecko. Apple ilipotoa Safari mwaka 2003, ikiwa imejengwa juu ya KHTML, iliubeba mstari huo mzima na kuongeza wake. Google nayo ikatoa Chrome mwaka 2008 juu ya injini ya Apple, ikabeba yote hayo. Mwaka 2015 Microsoft ilileta Edge, kivinjari kilichotaja Chrome na Safari pamoja na wahenga wao wote, ndipo kikajitaja chenyewe.

La kuchekesha zaidi lilikuwa limetokea miaka miwili kabla. Katika Internet Explorer 11, iliyotolewa mwaka 2013, Microsoft iliyafuta maandishi MSIE na badala yake ikaandika kwamba kivinjari hicho kinafanana na Gecko. Tovuti nyingi zilikuwa bado zinaitafuta Internet Explorer ili ziipe msimbo wa zamani uliokusudiwa matoleo mabovu. Toleo jipya halikuuhitaji msimbo huo, hivyo mwenye jina akalikana jina lake ili atendewe kama wengine.

Kisa cha Opera, kampuni ya Norway, kilizua malalamiko ya hadharani. Mnamo Oktoba 2001 tovuti ya MSN ya Microsoft iliwazuia watumiaji wa Opera na wa vivinjari vingine kadhaa kuingia. Mnamo Februari 2003 wahandisi wa Opera walitangaza kwamba toleo lao la 7 lilikuwa likitumiwa na MSN faili ya CSS, yaani maelekezo ya mpangilio wa ukurasa, iliyo tofauti na ya wengine. Maelekezo hayo yalisukuma maandishi pikseli 30 upande wa kushoto, hata ukurasa ukaonekana kana kwamba kivinjari ndicho kibovu.

Kupata uhakika, walibadilisha herufi chache tu katika jina na kukiita kivinjari hicho Oprah. Faili iliyoletwa haikuwa tena ile mbovu. Kivinjari kilikuwa kile kile, kwenye mtambo ule ule, na uwezo wake haukuongezeka wala kupungua. Opera ilijibu kwa dhihaka: ilitoa toleo maalumu ambalo, likifungua MSN, lilibadilisha maneno yote ya ukurasa yakawa kibwagizo cha mpishi wa Kiswidi wa kipindi cha vikaragosi cha Muppet.

Hata pasipo nia mbaya, jina na nambari huweza kuwapotosha wanaovikagua. Opera ilipokaribia toleo la 10 mwaka 2009, iligunduliwa kwamba tovuti nyingi zilisoma tarakimu ya kwanza tu ya toleo. Kwa tovuti hizo, 10 ilikuwa 1, na kivinjari kipya kabisa kikaonekana cha kale. Opera ikalazimika kuandika 9.80 mwanzoni mwa mstari na kuiweka nambari ya kweli mwishoni. Firefox nayo ilipatwa na jambo la aina hiyo mwaka 2023. Ilipofikia toleo la 110, tovuti fulani zilisoma tarakimu mbili za mwanzo, 11, zikaamini zimetembelewa na Internet Explorer 11. Kuanzia toleo hilo hadi la 119, sehemu moja ya mstari wa Firefox iligandishwa kwenye 109. Kivinjari kilichokuwa kikiogopwa hapo kilikuwa kimestaafishwa na Microsoft yenyewe mnamo Juni 2022.

KUPIMA UWEZO

Waswahili husema nyumba njema si mlango. Utambuzi wa uwezo umejengwa juu ya wazo hilo hilo, nao kwa kweli ni jambo jepesi kulieleza. Lugha ya JavaScript, inayoendesha kurasa nyingi za mtandao, humruhusu mwandishi wa msimbo kuuliza kama chombo fulani kipo kabla ya kukitumia. Kikiwepo hukitumia, kisipokuwepo hushika njia nyingine au huliacha jambo hilo kabisa.

Chukua mfano wa jinsi ukurasa unavyosikiliza mbofyo wa kitufe. Kwa miaka mingi Internet Explorer ilikuwa na chombo chake cha kazi hiyo, kiitwacho attachEvent, ilhali vivinjari vingine vilifuata kanuni ya kimataifa na kutumia addEventListener. Mwandishi mmoja aliandika hivi: ikiwa hii ni Internet Explorer, tumia cha kwanza. Mwenzake akaandika: ikiwa addEventListener ipo, itumie, la sivyo tumia kingine. Kwa miaka kadhaa kurasa zao zilifanya kazi sawasawa.

Tofauti ilidhihirika mwaka 2011. Internet Explorer 9 ilikuja ikiwa na addEventListener. Ukurasa wa mwandishi wa pili uliitambua siku ya kwanza bila mtu kugusa herufi hata moja. Ule wa kwanza uliendelea kukilisha kivinjari kipya makombo ya zamani. Na Microsoft ilipokiondoa kabisa kile chombo cha kale katika toleo la 11, msimbo ulioendelea kukitegemea kwa sababu ya jina ulikwama.

Upo mtego ulio katikati ya njia hizi mbili, na ndio uliowanasa watu wengi zaidi. Mtu hupima uwezo mmoja, lakini badala ya kuutumia uwezo huo, huutumia kukisia jina. Internet Explorer 4, ya mwaka 1997, ilileta chombo kiitwacho document.all. Waandishi wa msimbo wakafanya kuwepo kwake kuwa cheti cha kuzaliwa: chenye document.all ni Internet Explorer, hivyo basi kina na mengine yote ya Internet Explorer. Hayo si mapimo ya uwezo, bali ni kuuliza jina kwa mzunguko.

Vivinjari vingine vilipotaka kurasa za zamani zifunguke vizuri, vilihitaji kuwa na document.all. Vikiwa nayo waziwazi, vilipewa msimbo wa Internet Explorer na kuharibikiwa. Suluhisho lililopatikana ni la ajabu, nalo limeandikwa katika kanuni rasmi za HTML hadi leo: chombo hicho kipo na kinafanya kazi kikitumiwa, lakini kikiulizwa kama kipo, sharti kijibu kwamba hakipo. Waandishi wa kanuni hizo walikiri kwamba walikuwa wakiivunja sheria ya lugha ya JavaScript kwa makusudi.

Fauka ya hayo, kuwepo kwa chombo si hakikisho kwamba kitafanya kazi. Safari ya Apple iliwahi kutoa somo hilo kupitia localStorage, ghala dogo ambamo ukurasa huweka kumbukumbu kwenye simu ya mtumiaji. Mtu akivinjari kwa hali ya faragha katika matoleo ya miaka hiyo, ghala lilikuwepo na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba lipo. Lakini nafasi yake ilikuwa sifuri. Ukurasa ulipojaribu kuweka chochote ulirudishiwa kosa, na kama mwandishi hakujiandaa, kazi yote ilisimama hapo. Kipimo cha kuaminika kilikuwa kuandika neno dogo, kulisoma, kulifuta, na ndipo kuamua. Naona hapa ndipo ubora wa mwandishi wa msimbo unapoonekana: anapima tendo lenyewe analolitaka, wala hatosheki na jina la chombo.

Zana maarufu nazo zilibadili mwelekeo. Maktaba ya jQuery, iliyozinduliwa mwaka 2006, ilikuwa na sehemu ya kumwambia mwandishi jina la kivinjari. Mnamo Januari 2009 wenye maktaba hiyo walitangaza kwamba sehemu hiyo haipendekezwi tena, na Januari 2013 wakaiondoa. Mwaka huo wa 2009 ilitolewa maktaba ya Modernizr, ambayo kazi yake yote ni kupima uwezo. Baadaye CSS yenyewe ilipata amri ya @supports, inayowezesha faili ya mpangilio kuuliza bila msaada wa JavaScript.

BBC NA UKURASA WA WATU WOTE

Mfano unaotugusa zaidi sisi wa magazeti ni wa shirika la BBC. Mwaka 2012 waliokuwa wakiunda upya tovuti ya habari ya shirika hilo kwa ajili ya simu walikabiliwa na vivinjari vya kila namna. Kutunza orodha ya majina yote hayo kungekuwa kazi isiyo na mwisho. Badala yake waliuliza maswali matatu: je, kivinjari kina querySelector, cha kutafuta sehemu za ukurasa? Je, kina localStorage? Je, kina addEventListener?

Kilichojibu ndiyo kwa yote matatu kilipewa ukurasa wenye mambo ya ziada. Kilichoshindwa hata swali moja kilibaki na ukurasa wa msingi. Uzito wa mpango huo uko kwenye neno msingi. Ukurasa huo haukuwa tangazo la kumwambia msomaji akanunue simu nyingine. Ulikuwa na vichwa vya habari, taarifa zenyewe na viungo vya kwenda kurasa nyingine, na ndio ulioletwa kwanza kwa kila mtu; ziada zilipandishwa juu yake baadaye. Mwenye simu duni alisoma habari ile ile aliyoisoma mwenye simu ya thamani.

Laiti kila tovuti ya umma ingejengwa hivyo. Fomu ya serikali kwa hakika haihitaji makuu. Visanduku vya kuandikia na kitufe cha kutuma vilikuwepo tangu enzi za Netscape, na hufanya kazi hata pale JavaScript isipokuwepo. Ramani, kalenda za kubofya na picha zinazoteleza ni nyongeza zinazoweza kupimwa na kuachwa.

Bara Afrika, hata hivyo, limetoa mfano unaowasumbua wanaodhani kipimo cha uwezo hakikosei kamwe. Opera Mini ilizinduliwa duniani kote mnamo Januari 2006, ikapendwa sana Kenya na kwingineko barani kwa sababu iliwezesha simu za kawaida zenye Java kufungua tovuti kamili, tena kwa gharama ndogo ya data. Siri yake ni kwamba ukurasa haufunguliwi kwenye simu. Hufunguliwa na seva za Opera, hubanwa, kisha simu huletewa matokeo yaliyokwisha kupangwa. Kampuni hiyo ilisema data hupungua hadi asilimia 90.

Sasa ukurasa ukiuliza kuhusu uwezo, anayejibu ni seva, mtambo wenye nguvu ulio mbali. Atasema ndiyo kwa mambo mengi. Lakini JavaScript huendeshwa kwenye seva hiyo kwa muda mfupi tu, na kinachofika mkononi mwa mtumiaji ni kama picha ya ukurasa. Mbofyo wake hulazimika kusafiri hadi kwenye seva na kurudi. Vitu vinavyojisogeza vyenyewe husimama. Katika hali kama hiyo, ambapo kipimo hakina budi kudanganyika, kulitambua jina la Opera Mini na kukipa kivinjari hicho ukurasa mwepesi kulikuwa jambo la busara, mradi tu aliyetambuliwa hakufukuzwa.

Zipo nyakati nyingine ambapo jina lafaa. Hitilafu inayojulikana katika toleo moja la kivinjari, ambayo haiwezi kunaswa kwa kipimo, yaweza kuepukwa kwa kulitaja toleo hilo, lakini hilo tu, bila kuongeza na yote yajayo. Anayehesabu wasomaji wake pia huhitaji majina, japo naye ameanza kupungukiwa. Kati ya 2021 na 2023 Google iliupunguza mstari wa Chrome kwa sababu za faragha, kwa kuwa maelezo mengi mno humsaidia mpelelezi kumfuatilia mtu mmoja mmoja mtandaoni. Nambari ndogo za toleo ziligeuzwa sifuri, na simu ya Android, iwe ya kampuni gani, ikawa inatajwa kuwa Android 10 ya aina ya K. Takwimu za aliyetegemea mstari huo zitamwonyesha umati mkubwa ukitumia simu moja isiyouzwa dukani.

Apple ilikwisha kutangulia. Tangu Septemba 2019, Safari kwenye iPad hujitambulisha kama tarakilishi ya Macintosh. Tovuti zilizouliza jina ziliipa iPad kurasa za kupanya, zikiwa na orodha zinazofunguka kipanya kikipita juu yake, ilhali mtumiaji ana kidole tu. Zilizouliza kama kioo kinapokea mguso hazikuona tofauti yoyote.

Mnamo Desemba 2019 kivinjari cha Vivaldi kiliacha kutaja jina lake kwa tovuti nyingi na kujionyesha kuwa Chrome, ambacho kinatumia injini ile ile, kwa sababu kilikuwa kikizuiwa milangoni. Firefox nayo huja na orodha ya tovuti ambazo huzidanganya au kuzirekebisha ili zifunguke, na mtumiaji anaweza kuisoma mwenyewe akiandika about:compat mahali pa anwani. Kila tovuti iliyomo ina kitufe pembeni yake cha kuyazima marekebisho hayo.